Hita ya Gari Inapopuliza Hewa Baridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kuanzia Juni hadi Agosti, madereva wa Mbeya, Njombe, Makete na Iringa, pamoja na wenzao wa Limuru, Kinangop na Timboroa nchini Kenya, huikumbuka hita waliyoisahau mwaka mzima, na wengi huikuta haifanyi kazi. Majibu yafuatayo yanahusu hasa magari ya petroli na dizeli ambayo injini zake hupozwa kwa maji, mengi yakiwa yale yaliyoingizwa nchini baada ya kutumika Japani. Magari ya haibridi, ya umeme na machache ya aina ya kipekee yamejibiwa kuelekea mwisho.

Hita hupata wapi joto lake?

Kwenye magari haya hita haina chanzo chake cha joto. Injini huzalisha joto jingi kuliko inavyoweza kulitumia, na joto hilo hubebwa na maji yanayozunguka ndani yake. Sehemu ya maji hayo hupitishwa kwa mipira miwili hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, feni ikapuliza hewa kupitia mapezi ya rejeta hiyo, na kilango kidogo kikaamua hewa kiasi gani ipite kwenye joto na kiasi gani ipite kando. Kwa hiyo feni ikiwa inapuliza lakini hewa ni baridi, basi ama maji hayajapata joto, ama yana joto lakini hayafiki kwenye rejeta ndogo, ama yanafika lakini hewa haipitishwi hapo. Karibu kila jibu lililo hapa chini ni namna ya kutambua tatizo lako liko katika hali ipi kati ya hizo tatu.

Yapo pia mazingatio ya usalama. Kwa kuwa hita ni tawi la mfumo wa kupoza injini, na rejeta yake mara nyingi imekaa juu kuliko mabomba mengine, hewa hukusanyika hapo mapema maji yanapopungua. Dereva anayeipuuza hita iliyopoa kwa sababu tu yeye hasikii baridi anaweza kuwa amepuuza dalili ya kwanza ya injini kuishiwa maji.

Nianze kuangalia nini?

Anza na kiwango cha maji, injini ikiwa imepoa kabisa, ikiwezekana asubuhi kabla ya kuiwasha. Usifungue mfuniko wa rejeta ya gari lililotoka safarini, kwa sababu maji yaliyo chini ya shinikizo hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia usoni anayefungua.

Usiridhike na kuangalia tangi la akiba peke yake. Tangi linaweza kuwa limejaa huku rejeta yenyewe imepungua, hasa pale mfuniko unapokuwa umechoka au mpira mwembamba unaounganisha tangi na rejeta una tundu, kwa kuwa injini inapopoa huvuta hewa badala ya kuyavuta maji ya akiba. Kama gari lako lina mfuniko juu ya rejeta, ufungue na uone kwamba maji yamefika shingoni. Ukiona yamepungua, jaza, lakini usichukulie kwamba kazi imekwisha, kwa sababu mfumo huu umefungwa na maji hayapaswi kupungua. Yaliyopotea yametoka mahali fulani, na mahali hapo lazima patafutwe.

Hewa huwa ya moto ninapokanyaga mafuta, lakini nikisimama kwenye foleni inapoa. Kwa nini?

Hii ni dalili ya maji kupungua au ya hewa iliyonaswa ndani ya mfumo. Injini inapozunguka polepole, pampu haina nguvu ya kuyapandisha maji hadi kwenye rejeta ndogo iliyojaa mapovu. Ukikanyaga mafuta, pampu huzunguka kwa kasi na maji kidogo hupenya. Mara nyingi hali hii huambatana na sauti ya maji yanayobubujika nyuma ya dashibodi muda mfupi baada ya kuwasha gari.

Kama maji yamejaa na hewa imetolewa lakini dalili inabaki, ishuku pampu yenyewe. Mapanga yake huliwa na kutu, na katika baadhi ya magari ya Ulaya mapanga ya plastiki hupasuka au huteleza kwenye mhimili, hivyo kwa nje pampu huonekana inazunguka huku ndani haisukumi kitu.

Gari langu lilichemsha kwenye mlima Kitonga na fundi akaitoa themostati. Je, hilo linahusiana na hita kupoa?

Linahusiana moja kwa moja, na kwa maoni yetu ndiyo sababu inayoongoza kwa magari ya ukanda huu. Themostati ni mlango unaofunga njia ya maji kwenda rejeta kubwa mpaka yafikie joto lililopangwa, ambalo kwa magari mengi ni kati ya nyuzi joto 80 na 92 za Selsiasi. Namba hiyo, kwa mfano 82 au 88, huwa imechongwa kwenye themostati yenyewe. Bila mlango huo maji hukimbilia rejeta kubwa tangu injini inapowashwa. Katika joto la Ruaha Mbuyuni dereva haoni tatizo lolote, bali hufurahi kwamba gari halichemshi. Akishapanda mlima na kufika Mafinga au Makambako alfajiri, upepo wa barabarani huipoza injini kupita kiasi, na hita hupuliza hewa vuguvugu inayozidi kupoa kadiri anavyoongeza mwendo.

Dalili hiyo ni kinyume cha ile ya swali lililotangulia: hapa hita huwa afadhali gari linaposimama na hudhoofika linapokimbia. Ukiiona, ama themostati haipo, ama ipo lakini imekwama ikiwa wazi. Kompyuta ya magari mengi yaliyotengenezwa baada ya miaka ya 1990 huweza kuwasha taa ya injini na kuhifadhi msimbo P0128, unaomaanisha kwamba maji hayafikii joto yanayopaswa kulifikia.

Kuitoa themostati si tiba ya gari kuchemsha. Gari linalochemsha mlimani lina rejeta iliyoziba, feni isiyovuta, pampu iliyochoka, mfuniko usioshika shinikizo au gasketi ya kichwa cha injini iliyoungua, na kila moja kati ya hayo huendelea kuharibika wakati dereva akidhani amepona. Zaidi ya hapo, injini isiyopata joto lake hunywa mafuta mengi, kwa sababu kompyuta huamini kwamba bado ni asubuhi na huendelea kuongeza petroli, na unyevu unaobaki kwenye oili bila kukaushwa huigeuza kuwa tope. Ikiwa themostati imekwama ikiwa imefungwa na umebaki njiani, kuitoa ili ufike mjini ni uamuzi wa busara. Kulitembeza gari hivyo miezi na miaka ni jambo jingine kabisa.

Themostati mpya hupimwa kabla ya kufungwa. Itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayopata moto taratibu, pamoja na kipimajoto kama unacho. Inapaswa kuwa imefungwa kabisa ikiwa baridi na kufunguka karibu na namba iliyochongwa. Kama ina kipini kidogo kinachocheza kwenye tundu la pembeni, kielekeze juu, kwa kuwa ndipo hewa hupitia wakati wa kujaza maji.

Mshale wa joto umesimama katikati kama kawaida. Je, si dalili kwamba injini ina joto la kutosha?

Si lazima. Katika magari mengi ya kisasa mshale umepangwa kukaa katikati kwa upana mkubwa wa joto ili usimtie dereva hofu, hivyo injini inaweza kuwa imepungukiwa nyuzi kadhaa bila mshale kusogea. Magari madogo kama Toyota Vitz na Passo katika matoleo mengi hayana mshale kabisa, bali yana taa ya buluu inayozimika injini ikishapata joto na nyekundu inayowaka ikizidiwa. Taa ya buluu inayochukua muda mrefu kuzimika, au inayorudi kuwaka ukiwa katika mteremko mrefu, ni ushahidi mzuri kwamba themostati haifungi.

Nitajuaje kama maji ya moto yanafika kwenye rejeta ya hita?

Tafuta mipira miwili, yenye unene wa kukaribia kidole gumba, inayoingia kwenye ukuta unaotenganisha injini na sehemu ya abiria. Endesha gari mpaka lipate joto, elekeza hita kwenye joto la juu, kisha uiguse mipira hiyo kwa tahadhari, ukiwa mbali na mikanda na feni.

Mipira yote miwili ikiwa ya moto karibu sawasawa, maji yanafika na yanatoka, hivyo tatizo liko kwenye vilango vya hewa ndani ya dashibodi. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi, rejeta ndogo imeziba, au vali ya hita, kwa magari yaliyo nayo, haifunguki. Vali hizo nyingi huvutwa kwa waya kutoka dashibodini, na waya huo ukichomoka au kukamatwa na kutu hita hufa bila kifaa kingine chochote kuharibika. Mipira yote miwili ikiwa ya baridi huku injini ina joto, rudi kwenye kiwango cha maji, hewa na pampu. Kipimo hiki ni bure, na fundi anayetaka kushusha dashibodi kabla ya kukifanya aombwe kwanza akifanye.

Rejeta ya hita iliyoziba inaweza kuzibuliwa?

Mara nyingi inaweza. Chomoa mipira yote miwili injini ikiwa baridi, unganisha mpira wa maji safi upande ule ambao kwa kawaida maji hutokea, ili yapite kinyume na mwelekeo wake wa kila siku, na uyaache yatiririke mpaka yanayotoka yawe meupe. Tumia msukumo mdogo. Rejeta hizi ni nyembamba, na upepo wa kompresa ya gereji unaweza kuipasua ile iliyokwisha kuliwa na kutu. Ikipasuka, kuibadilisha hulazimu katika magari mengi kushusha dashibodi nzima, kazi ambayo gharama yake hupita bei ya kifaa chenyewe.

Kinachoiziba ni kutu na magadi yanayotokana na maji ya bomba, na zaidi maji ya visima vyenye chumvi, yanapotumika peke yake bila kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini. Sababu ya pili ni zile poda na majimaji ya kuziba matundu ya rejeta, ambayo hayachagui tundu: huziba panapovuja na huziba pia vijia vyembamba vya hita.

Kuna ubaya gani kutumia maji matupu, ilhali huku kwetu hakuna barafu?

Faida ya kulanti si kuzuia barafu peke yake. Ina dawa za kuzuia kutu na huinua kiwango cha kuchemka, jambo lenye uzito katika nyanda za juu, kwa kuwa maji matupu yaliyo wazi huchemka kwa takriban nyuzi 94 kwenye mwinuko wa Mbeya na karibu 93 kwenye mita 2,000. Shinikizo linaloshikwa na mfuniko ndilo huokoa hali hiyo. Mfuniko ulioandikwa 1.1, namba inayoonyesha shinikizo unaloshika, huyaruhusu maji kufika karibu nyuzi 120 usawa wa bahari kabla ya kuchemka, na ndiyo maana mfuniko uliochoka, ambao ni kifaa cha bei ndogo kuliko karibu vyote vilivyotajwa hapa, haupaswi kudharauliwa.

Usiamini rangi pekee unapochagua. Watengenezaji hutumia rangi wapendavyo, na kuchanganya aina zisizopatana kunaweza kudhoofisha dawa zake au kuacha mashapo. Soma kopo na kitabu cha gari. Aidha, kulanti nyingi zina ethilini glikoli, ambayo ni sumu yenye ladha tamu. Iliyomwagika ioshwe, na iliyobaki iwekwe mbali na watoto, mbwa na mifugo.

Mipira yote ni ya moto, lakini hewa bado ni baridi, au upande mmoja tu ndio wa moto.

Hapa maji hayana kosa. Katika magari ya zamani, kilango cha kuchanganya hewa huvutwa kwa waya; vua kifuniko cha chini ya dashibodi na umwombe mtu asogeze kitufe huku ukitazama kama mkono wa kilango unafuata. Katika magari mapya hutumika mota ndogo ya umeme yenye meno ya plastiki. Meno yakikatika utasikia mlio wa kukatika-katika nyuma ya dashibodi, hasa unapowasha gari au kubadilisha joto. Magari ambayo dereva na abiria huchagua joto lao tofauti yana mota mbili, na ndiyo maana upande mmoja unaweza kufa peke yake. Hata hivyo, rejeta iliyoziba nusu huweza pia kuleta tofauti kati ya pande mbili, hivyo usinunue mota kabla ya kuigusa mipira.

Feni haipulizi kabisa, au inapuliza kwenye namba ya juu tu.

Ikiwa hufanya kazi kwenye namba ya juu peke yake, kifaa cha kupunguza mwendo wa feni kimeungua. Hubadilishwa kwa dakika chache, kwa kawaida nyuma ya droo ya abiria. Ikiwa haipulizi kabisa, anza na fyuzi. Na ikiwa inanguruma lakini hewa ni hafifu, angalia chujio la hewa ya ndani. Katika magari mengi ya Toyota chujio hilo liko nyuma ya droo hiyo hiyo, na si ajabu kulikuta lingali na majani ya Japani ndani yake.

Nitaitoaje hewa iliyonaswa kwenye mfumo?

Egesha gari mahali penye mwinuko ili pua yake iwe juu, injini ikiwa baridi. Fungua mfuniko wa rejeta, weka hita kwenye joto la juu, jaza taratibu, kisha washa injini na uiache izunguke polepole mfuniko ukiwa wazi. Ibonyeze mipira mikubwa mara kwa mara, na ongeza maji kadiri mapovu yanavyotoka na kiwango kinavyoshuka. Mpira wa juu ukishika moto, themostati imefunguka; subiri mapovu yakome, funga mfuniko kabla maji hayajaanza kufurika, na uangalie tena kiwango kesho yake asubuhi. Baadhi ya magari yana skrubu maalumu ya kutolea hewa. Subaru zenye injini ya silinda zilizolala zinajulikana kwa kunasa hewa, na fundi anayezijaza kwa haraka hulazimika kurudia.

Mapovu yasipokoma, huku maji yakiendelea kupungua bila kuonekana panapovuja, na moshi mweupe ukitoka kwenye ekzosi hata injini ikiwa na joto, gesi ya silinda inapenya kwenye maji kupitia gasketi. Hapo hita si tatizo tena bali ni mleta habari, na gari lisiende safari mpaka lipimwe.

Kioo cha mbele kinashika ukungu wenye mafuta, na kuna harufu tamu ndani.

Rejeta ya hita inavuja. Pekua zulia la upande wa abiria. Likiwa na maji yanayonata, umethibitisha. Usiyachanganye na maji safi ya kiyoyozi, ambayo hayana rangi wala harufu na hutokana na bomba lake la kutolea maji kuziba. Ukungu wa kawaida, usio na mafuta, huondolewa kwa kuwasha hita na kiyoyozi kwa pamoja, huku hewa ikichukuliwa nje badala ya kuzungushwa ndani, kwa kuwa kiyoyozi huikausha hewa nayo hita huipasha.

Hiace yangu ina joto mbele, lakini abiria wa nyuma wanalalamika.

Hiace nyingi zilizotoka Japani zina hita ya pili nyuma, yenye rejeta na feni yake, inayolishwa kwa mabomba marefu yanayopita chini ya sakafu. Mabomba hayo huliwa na kutu, na mafundi wengi huyakata na kuyaziba yanapovuja. Chungulia chini ya gari kabla ya kulaumu feni.

Na magari ya haibridi na ya umeme?

Haibridi huzima injini yake mara kwa mara, hivyo joto la maji hushuka. Ukidai joto, kompyuta huiwasha injini hata gari likiwa limesimama, na huo si ubovu. Prius ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 2009, husukuma maji ya injini kwa pampu ya umeme, ambayo ikifa hita hupoa na injini hupata joto kupita kiasi. Inayo pia njia ya pili ya maji, ya kupozea inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota), yenye tangi lake. Usiikague hiyo ukidhani ni ya hita. Gari la umeme kama Nissan Leaf halina joto la injini la kuazima, bali hupasha kwa umeme wa betri kuu, na nyaya zake zenye volti nyingi hazipaswi kuguswa na asiyefunzwa.

Volkswagen ya zamani, ile ya kobe, nayo je?

Injini yake hupozwa kwa hewa, na hita yake huchukua joto linalozunguka mabomba ya ekzosi. Mabomba hayo yakitoboka, moshi wenye kaboni monoksidi huingia ndani ya gari, nayo haina harufu. Ukiona kutu huko, usiitumie hita hiyo. Onyo hilo linawahusu pia wanaolala garini na kuingiza jiko la mkaa ili wapate joto: wasifanye hivyo, hata kama kioo kimeachwa wazi kidogo.

Fundi anashauri kuunganisha mipira miwili ili kuikwepa hita. Nikubali?

Kama rejeta ya hita inavuja na unahitaji gari kesho, kubali, mradi aiunganishe ili maji yaendelee kuzunguka badala ya kuiziba kila mmoja, kwa sababu katika baadhi ya injini mzunguko huo ni sehemu ya njia ya maji kabla themostati haijafunguka. Utakuwa umepoteza uwezo wa kukausha kioo katika mvua na ukungu, na pia msaada mmoja wa dharura: injini inapoanza kuzidiwa na joto mlimani, kuwasha hita kwa nguvu zote huondoa sehemu ya joto hilo na kukupa muda wa kutafuta mahali salama pa kuegesha. Kama hita ipo na ukiiwasha wakati huo inapuliza baridi, maji yamekwisha au hayazunguki. Zima injini hapo hapo, na usubiri ipoe kabisa kabla ya kugusa mfuniko.